Makufuli ya Java kwa mifumo ya malipo: lipi linalinda salio, lipi linakuongezea kazi

Anayejenga mfumo wa malipo, wa tiketi za mabasi au wa stoo ya duka la Kariakoo kwa Java hana haja ya kununua chochote ili nyuzi za programu yake, yaani mikondo ya kazi inayoendeshwa kwa wakati mmoja, ambazo wengi huziita thredi, zisivurugiane data. Zana zote zimo ndani ya JDK, mkusanyiko wa zana za kutengenezea programu za Java, bure. Nyingi ziliingia na Java 5 mwaka 2004, kupitia kifurushi cha java.util.concurrent kilichoandaliwa na kikosi kilichoongozwa na Doug Lea. Shida ya leo ni wingi wake: mtu anafungua kifurushi, anakuta makufuli (zana za kuzuia nyuzi zisiguse data moja kwa pamoja) ya aina nne au tano, kaunta, foleni na semafori, kisha anachagua lenye jina la kuvutia. Hapa tunazipima zana hizo kwa kazi moja ambayo mtu yeyote wa Dar es Salaam anaielewa, floti ya wakala wa pesa za simu, yaani salio lake la kielektroniki ambalo hupungua mteja anapoweka pesa.

Wakala ana floti ya shilingi 100,000. Wateja wawili wanaweka pesa kwa wakati mmoja, mmoja 30,000, mwingine 50,000. Kwenye programu mstari ni mmoja tu, salio = salio - kiasi, lakini kompyuta inaufanya kwa hatua tatu: soma, toa, andika. Uzi wa kwanza unasoma 100,000. Kabla haujaandika, wa pili nao unasoma 100,000. Wa kwanza unaandika 70,000, wa pili unaandika 50,000 juu yake. Floti iliyotakiwa kubaki ni 20,000, mfumo unaonyesha 50,000. Shilingi 30,000 zimezaliwa hewani, hakuna hitilafu iliyoripotiwa, na logi zote mbili zinasema muamala umefanikiwa. Jioni mhasibu anafunga hesabu na haifungi.

Kigezo chetu kikubwa katika kupima si kasi. Kufuli hulinda data, halilindi mistari ya msimbo. Zana inayokusaidia kusema wazi "data hii inalindwa na kufuli hili" tunaipa alama za juu, hata kama kwenye majaribio ya mbio inaachwa nyuma kidogo.

synchronized: lianze hili

Ni kufuli kongwe, limo ndani ya lugha yenyewe, na kwa kazi nyingi linatosha. Sifa yake kubwa ni kwamba linajifungua lenyewe: hitilafu ikirushwa katikati, kufuli linaachiwa. Pia linafanya jambo ambalo wengi hulisahau. Uzi unaoingia baada ya mwenzake kutoka unahakikishiwa kuona yote aliyoandika yule aliyetoka. Bila dhamana hiyo, kiini kimoja cha prosesa kinaweza kuendelea kusoma thamani ya zamani, au kompaila, programu inayotafsiri msimbo, ikapanga upya mistari kwa namna usiyoitarajia. Kwa hiyo anayefunga wakati wa kuandika na kuacha wazi wakati wa kusoma "kwa sababu kusoma hakuharibu kitu" amefanya nusu ya kazi. Anayesoma naye afunge kufuli lile lile.

Kasoro zake ni tatu. Halina muda wa kusubiri: uzi ukikuta limefungwa utakaa hapo hapo, na huwezi kuukatiza. Pili, kufunga kwa this, yaani objekti yenyewe, kunaliweka kufuli hadharani, msimbo wowote wenye objekti hiyo unaweza kulishika. Tengeneza objekti ya siri, private final, ya kufungia tu. Ya tatu ndiyo inayouma zaidi, na inahitaji kuangaliwa kwa karibu.

Mtu anaandika synchronized (kitiId), na kitiId ni Integer, yaani namba nzima iliyofungwa ndani ya objekti. Java hutunza Integer za kuanzia -128 hadi 127 na kuzitumia tena na tena. Kiti namba 14 cha basi la Mwanza na kiti namba 14 cha basi la Mbeya vinakuwa objekti moja, hivyo abiria wa mabasi mawili wanasubiriana bila sababu. Hapo bado ni uchelewaji. Chukua sasa akaunti namba 20145: kwa kawaida kila inapogeuzwa kuwa Integer inazaliwa objekti mpya. Nyuzi mbili zinafunga makufuli mawili tofauti, zinaingia pamoja, na ulinzi haupo kabisa. Kwenye majaribio yenye akaunti kumi kila kitu kinaenda sawa, kikifika kwa wateja halisi kinaanza kuvuja. Kuanzia Java 16 kompaila inaonya kuhusu kufunga kwa aina hizi. Onyo hilo lisizimwe.

ReentrantLock: la kazi nzito

Linafanya kazi ya synchronized na kuongeza vitu vitatu: kusubiri kwa muda maalumu, kukubali kukatizwa, na kuchagua haki ya foleni. Gharama yake ni kwamba kulifungua ni jukumu lako. Mpangilio sahihi ni huu, na usibadilishwe: lock() iwe nje, mstari mmoja kabla ya try, unlock() iwe ndani ya finally, sehemu inayotekelezwa hata hitilafu ikitokea. Ukiiweka lock() ndani ya try na ikashindikana, finally itajaribu kufungua kufuli usilolishika, utapata IllegalMonitorStateException, na hitilafu ya mwanzo itafunikwa.

Thamani yake inaonekana kwenye kuhamisha pesa. Juma anamtumia Asha, na sekunde hiyo hiyo Asha anamtumia Juma. Uzi wa kwanza umeshika akaunti ya Juma unasubiri ya Asha. Wa pili umeshika ya Asha unasubiri ya Juma. Huo ndio mkwamo (deadlock), na hautaisha wenyewe. Dawa ya kwanza haihitaji ReentrantLock hata kidogo. Inahitaji mpangilio: siku zote funga akaunti yenye namba ndogo kwanza, pesa ziwe zinaelekea upande wowote.

```java
Akaunti kwanza = a.namba < b.namba ? a : b;
Akaunti pili = (kwanza == a) ? b : a;
synchronized (kwanza) {
    synchronized (pili) {
        if (a.salio < kiasi) return false;
        a.salio -= kiasi;
        b.salio += kiasi;
        return true;
    }
}
```

Angalia kwamba ukaguzi wa salio umo ndani ya makufuli yote mawili. Ukiutoa nje "ili kuokoa muda", salio litakuwa limebadilika kabla hujafika kwenye kutoa. Salio na kiasi ni long, yaani namba nzima za shilingi. Double, namba ya desimali ya kukadiria, kwa pesa ni kujitafutia kesi na mhasibu.

Dawa ya pili ni tryLock(200, TimeUnit.MILLISECONDS). Ukishindwa kupata la pili, achia la kwanza, subiri kidogo, rudia. Huko kusubiri kuwe kwa muda wa kubahatisha. Nyuzi mbili zikirudi zote baada ya milisekunde 50 kamili zitagongana tena, kama watu wawili mlangoni wanaopishana upande ule ule. Tunapendekeza mpangilio wa namba kwanza, na tryLock kwa pale tu ambapo mpangilio hauwezekani.

Kuhusu haki ya foleni, new ReentrantLock(true) inampa nafasi aliyetangulia kusubiri, lakini inapunguza idadi ya kazi zinazopita kwa sekunde. Tena tryLock() isiyo na muda inaruka foleni hata ukiwa umeweka true. Wengi hawahitaji haki hii. Wanachohitaji ni kushika kufuli kwa muda mfupi zaidi. Kupiga simu ya mtandao kwa benki huku umeshika kufuli la akaunti ni kosa linaloua mfumo mzima pale mtandao unapokuwa mzito.

ReadWriteLock na StampedLock: fikiri mara mbili

Jina la ReentrantReadWriteLock linashawishi: wasomaji wengi pamoja, mwandishi mmoja peke yake. Linafaa pale kusoma kunapochukua muda na kuandika ni nadra. Kusoma kukiwa ni kuangalia namba moja, gharama ya kulihudumia kufuli lenyewe inazidi faida. Na lina mtego mmoja: mwenye kufuli la kusoma hawezi kupanda kuwa mwandishi bila kuliachia kwanza. Akijaribu, anajisubiri mwenyewe milele. Kushuka kutoka kuandika kwenda kusoma kunaruhusiwa.

StampedLock, iliyokuja na Java 8 mwaka 2014, inaenda mbali zaidi: unasoma bila kufunga, kisha unauliza kama kuna aliyeandika katikati. Ni ya haraka kweli. Lakini uzi uleule ukilifunga mara ya pili unajikwamisha, halina Condition (njia ya uzi kusubiri sharti litimie), na anayesahau kuita validate() anasoma takataka bila kujua. Kwa mfumo wa biashara wenye watengenezaji wanaokuja na kuondoka, hatulipendekezi.

Kwa jedwali la tozo, ambalo husomwa kila muamala na kubadilishwa mara chache sana kwa mwaka, kuna njia isiyo na kufuli. Tengeneza jedwali jipya lisilobadilika kwa Map.copyOf, kisha liweke kwenye kigezo (variable) cha volatile. Wasomaji wanaona la zamani zima au jipya zima. Sharti ni moja: mwanzoni mwa hesabu, lichukue jedwali mara moja uliweke kwenye kigezo cha ndani. Ukilisoma mara mbili ndani ya hesabu ile ile, unaweza kukata tozo ya zamani na kodi mpya kwenye muamala mmoja. Na volatile isichukuliwe kuwa kufuli. Inahakikisha thamani inaonekana tu. kaunta++ kwenye volatile bado inapoteza hesabu.

Namba zisizohitaji kufuli: AtomicLong na LongAdder

Floti ikiwa ni namba moja inayojitegemea, AtomicLong ni chaguo safi sana:

```java
long sasa;
do {
    sasa = floti.get();
    if (sasa < kiasi) return false;
} while (!floti.compareAndSet(sasa, sasa - kiasi));
return true;
```

Maana yake: andika thamani mpya ikiwa tu bado ipo ile niliyoisoma, la sivyo nianze upya. Hakuna anayelala, hakuna mkwamo. Ila nguvu yake inaishia kwenye namba moja. AtomicLong mbili, ya mtumaji na ya mpokeaji, haziwi muamala mmoja. Kati ya kutoa huku na kuweka kule kuna mwanya ambapo pesa haipo kwa yeyote, na ripoti ikisomwa hapo hapo jumla haitafika.

LongAdder ni ya kaunta zenye msongamano, mfano idadi ya maombi yaliyopita leo. Inagawa hesabu kwenye vijisanduku kadhaa ili nyuzi zisigombanie sehemu moja ya kumbukumbu. Kwa sababu hiyo sum() yake si picha ya wakati mmoja. Iwe ya ubao wa takwimu, isitumike kuamua kama floti inatosha.

ConcurrentHashMap: bora, mradi usiitenganishe

Hii tunaipa alama za juu kabisa. HashMap ya kawaida, jedwali la Java la kuhifadhi vitu kwa funguo, ikiandikwa na nyuzi nyingi hupoteza data, na kabla ya Java 8 iliweza hata kuingia kwenye mzunguko usioisha na kumeza kiini kizima cha prosesa. ConcurrentHashMap haina ugonjwa huo. Kosa linatoka kwa mtumiaji anayeuliza kisha akatenda:

if (!viti.containsKey(14)) viti.put(14, abiria);

Kila nusu ni salama peke yake, zikiunganishwa si salama. Wauzaji wawili wa tiketi za Mwanza wanauliza pamoja, wote wanajibiwa kiti kipo wazi, wote wanakiuza. Abiria wawili wanakutana stendi ya Mbezi Luis alfajiri na tiketi za kiti kimoja, na kondakta ndiye anayetukanwa. Tumia viti.putIfAbsent(14, abiria): ikirudisha null kiti ni chako, ikirudisha jina kimeshachukuliwa. Ndani ya computeIfAbsent, inayokokotoa na kuweka thamani kama haipo, usifanye kazi ndefu wala kugusa jedwali lile lile, maana sehemu hiyo ya jedwali imefungwa wakati wote huo.

Semafori, na foleni zinazoua seva kimya kimya

Semafori ni kihesabu cha vibali: uzi huchukua kibali kabla ya kuingia na kukiachia ukitoka. Ni wazo la mwanasayansi wa kompyuta Dijkstra la miaka ya 1960 na bado lina kazi. Benki inakuruhusu miunganisho 20? new Semaphore(20) na tryAcquire yenye muda, anayekosa aambiwe ajaribu tena. Semafori haina mwenyewe, yeyote anaweza kuachia. Ukiiweka acquire() ndani ya try na uzi ukakatizwa kabla haujapata kibali, release() ya kwenye finally itaongeza kibali ambacho hakikuwahi kuchukuliwa. 20 inakuwa 21, kesho 22, na benki inaanza kukukatalia bila wewe kuelewa kwa nini.

Kwenye makundi ya nyuzi, yaani nyuzi chache zinazogawana kazi kutoka foleni moja, Executors.newFixedThreadPool(8) inaonekana ya busara, lakini foleni yake haina ukomo. Huduma ya nje ikichelewa mwisho wa mwezi, maombi yanarundikana mpaka kumbukumbu inaisha na seva inaanguka na kila kilichokuwa kwenye foleni. Jenga ThreadPoolExecutor mwenyewe, yenye ArrayBlockingQueue ya mfano nafasi 500 na CallerRunsPolicy, ili anayeleta kazi foleni ikiwa imejaa aifanye mwenyewe na hivyo apunguze kasi. Na anayeweka nyuzi za kawaida 8, za juu 32, na foleni isiyo na ukomo, ajue hizo 24 za ziada hazitazaliwa kamwe: nyuzi huongezwa foleni ikijaa tu.

Foleni zina matumizi mengine tunayoyapenda kuliko kufuli lolote. Weka foleni nane, kila moja na uzi wake mmoja, na kila akaunti iende foleni yake kwa Math.floorMod(namba, 8), yaani baki la kugawa namba kwa 8. Ni kama madirisha ya benki ambapo mteja yuleyule anahudumiwa na karani yuleyule: akaunti moja haiguswi na nyuzi mbili, hivyo hakuna cha kufunga. Usitumie % ya kawaida kwa hashCode (namba ambayo Java huipa kila objekti), inaweza kutoa namba hasi. Udhaifu wake ni wakala mkubwa mmoja kujaza dirisha lake wakati mengine yako wazi, na uhamisho kati ya akaunti za madirisha mawili unahitaji hatua mbili zilizoandikwa kwa uangalifu.

Nyuzi pepe za Java 21

Nyuzi pepe ni nyuzi nyepesi zinazosimamiwa na Java yenyewe. Tangu Septemba 2023 unaweza kuwa na laki kadhaa zinazosubiri mtandao kwa gharama ndogo. Haziondoi haja ya makufuli, mgongano wa floti ni ule ule. Usizikusanye kwenye kundi. Kama unataka kikomo, tumia semafori. Kwenye Java 21, uzi pepe unaosubiri mtandao ukiwa ndani ya synchronized unaung'ang'ania uzi halisi ulioubeba, na wachache wa namna hiyo wanaweza kusimamisha mfumo. Hapo weka ReentrantLock. Java 24 ya mwaka 2025 imeondoa kizuizi hicho, kwa hiyo aliyeko kwenye toleo hilo asijisumbue kubadilisha msimbo wake.

Kufuli linaishia mlangoni mwa seva

Hakuna zana hata moja kati ya hizi inayovuka kwenda kwenye seva ya pili. Siku mfumo unapowekewa seva mbili nyuma ya kigawa mzigo, makufuli yote ya akaunti yanabaki mapambo. Ulinzi uhamie kwenye kanzidata, na njia fupi kuliko zote ni hii:

UPDATE akaunti SET salio = salio - 30000 WHERE namba = ? AND salio >= 30000

Kisha angalia idadi ya mistari iliyoguswa. 1 maana yake imefanikiwa, 0 maana yake salio halitoshi au akaunti haipo. Kwa viti, weka sharti la UNIQUE, linalokataa marudio, kwenye safari na namba ya kiti kwa pamoja. Kwa mteja anayebonyeza mara mbili mtandao ukigoma, weka UNIQUE kwenye namba ya kumbukumbu ya muamala, inayotengenezwa upande wa simu kabla ya kutumwa. Ukitumia SELECT ... FOR UPDATE, inayofunga mistari inayosomwa, kwa akaunti mbili, ule mpangilio wa namba ndogo kwanza unahitajika vilevile. Kanzidata ya PostgreSQL kwa kawaida huanza kutafuta mkwamo baada ya sekunde 1 na kumkatisha mmoja, hivyo programu iwe tayari kurudia muamala mzima. InnoDB, injini ya kanzidata ya MySQL, kwa kawaida husubiri kufuli la mstari hadi sekunde 50 kabla ya kukata tamaa, muda ambao mteja dirishani hana.

Kujaribu na kuchunguza

Jaribio la chini kabisa: floti 160,000, nyuzi 16, kila moja itoe shilingi 1 mara 10,000, zote zianze pamoja kwa kuachiwa na CountDownLatch, lango la Java linaloshikilia nyuzi hadi lifunguliwe. Jibu ni 0, na kitu kingine chochote ni kosa. Likipita kwenye laptopu usisherehekee. Prosesa za Intel zina nidhamu kali zaidi ya mpangilio wa kumbukumbu kuliko za ARM, kwa hiyo msimbo wenye kasoro unaweza kukaa kimya kwenye mashine yako na kuharibika ukihamia seva ya ARM. Rudia jaribio kwenye mashine ya aina itakayotumika kweli.

Mfumo ukiganda, usiuwashe upya kabla ya kuchukua picha ya nyuzi. Andika jstack -l, amri iliyomo kwenye JDK, ukifuatisha namba ya prosesi, mara tatu, kila baada ya sekunde 10. Mkwamo wa synchronized au ReentrantLock utaandikwa waziwazi chini ya maneno Found one Java-level deadlock, pamoja na mistari inayohusika. Wa semafori hautatajwa, kwa kuwa semafori haina mwenyewe wa kutajwa. Hapo linganisha picha tatu: uzi uliosimama mstari ule ule katika zote, ukisubiri acquire, ndiyo sehemu ya kuanza kutafuta nani hakuachia kibali.